Kuku wa Ngoingwa Ana Kosa Gani?

Kila baada ya miezi kadhaa huja mtu na kamera. Hushuka kwenye matatu hapa Ngoingwa, hupiga simu kuuliza geti ni ya rangi gani, kisha huketi kando ya meza ya tata yangu na kutazama vidole vyake vikizungusha uzi kwenye ndoana isiyozidi urefu wa punje mbili za mchele. Halafu huuliza swali lile lile: "Na wewe umewahi kuvua na hii kitu?" Tata hucheka, husema hapana. Mtu wa kamera hufurahi. Habari yake imeshapatikana: mama wa Thika anafunga chambo cha samaki ambaye hajawahi kumwona, kwa ajili ya tajiri ambaye hatamwona. Anakunywa chai, anaenda.

Nimechoka na hilo swali. Fundi anayeshona gauni la harusi huulizwa kama ameolewa? Na fundi wa majeneza je?

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza tata kuhusu manyoya. Hakuna aliyeshika unyoya mmoja kutoka kwenye lile kopo la Blue Band akauliza, mbona huu na si ule? Na hapo ndipo kazi yote ilipo. Kuzungusha uzi unaweza kumfundisha mtoto wa darasa la sita kwa wiki moja. Kuchagua unyoya, mimi nina miaka minne na bado tata huniangalia juu ya miwani na kuutupa niliouchagua.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona meza kama hiyo: tunafunga flai. Flai ni ndoana iliyovikwa uzi, manyoya na nywele za mnyama hadi samaki aidhanie kuwa mdudu. Samaki anayewindwa nazo zaidi huku kwetu ni trauti, na yeye si mwenyeji. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven kule Scotland, mambo ya Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa safari ya Cape hadi Cairo, yakawekwa kwenye mto Gura huko Nyandarua. Trauti anataka maji baridi, kwa hiyo utampata juu kabisa, misituni ambako Chania na Thika inaanzia. Mito hiyo ikishafika hapa mjini na kukaribiana pale Blue Posts, imepata joto, na imepata mengine pia ambayo sitayataja, huenda unakula. Ndiyo sababu tata hajamwona trauti. Si siri kubwa wala si mkasa. Ni jiografia.

Samaki walikuja, wavuvi wakaja, na mikono ya kufunga ikapatikana hapa hapa. Kwa miongo mingi sasa flai zilizofungwa Kenya zimeuzwa kwenye maduka ya wavuvi Uingereza, nyingine zikitoka kwenye karakana, nyingine kwenye sebule kama hii yetu, kwa malipo ya dazani. Mimi niliingia baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu. Sababu ilikuwa karo na uvivu, kwa viwango ambavyo mimi na mama yangu hatujakubaliana hadi leo. Mchana nafunga, usiku naandika. Zote mbili hulipwa kwa kipande na zote mbili hulipwa kwa kuchelewa.

Sasa, flai ziko za aina nyingi, lakini leo nagombania aina moja tu: zile za unyoya laini. Hazina mabawa, mara nyingi hazina mkia, hazina mbwembwe. Mwili ni uzi wa hariri, pengine na ukungu mdogo wa manyoya ya sungura, na shingoni unazungushwa unyoya mmoja laini. Raundi moja, raundi mbili, basi. Majini nyuzi za ule unyoya hujifunga na kujifungua na mkondo, kama miguu ya mdudu anayejikokota kutoka chini ya mto aende juu kuwa na mabawa. Unyoya ukiwa mgumu hauchezi, na usipocheza samaki haoni mdudu, anaona brashi ya viatu.

Mwaka juzi tata alipokea oda ya dazani ishirini za Partridge and Orange, yaani kwale na rangi ya chungwa, ndoana namba 16. Kazi kama hizi huja na kila kitu: pakiti ya manyoya, kadi ya maelezo, sampuli moja ya kuiga. Wewe huchagui chochote. Ile pakiti ya kwale wa Kiingereza iliisha tukiwa dazani ya kumi na mbili, kwa sababu karibu nusu ya manyoya yalikuwa makubwa kupita kiasi kwa ndoana ndogo vile. Kesho yake ndiyo siku ya kupeleka kazi. Mimi nikaenda kwenye kopo langu la manyoya ya kuku wa kienyeji, tetea mmoja wa madoa ya kahawia na kijivu aliyeliwa Krismasi, nikamaliza dazani nane zilizobaki. Sikumwambia mtu.

Tata aliponigundua alimwambia msimamizi, kwa sababu tata ni mtu wa kanisa. Msimamizi, ambaye sitamtaja wala karakana yake, akafanya jambo la haki kwanza. Aliweka moja ya kwale na moja ya kuku kwenye glasi ya maji, akazitikisa. Akasema hawezi kuzitofautisha. Kisha akarudisha dazani nane zote. Kwa shilingi 70 dazani, hiyo ni shilingi 560. Kwako pengine ni chakula cha mchana, kwetu ilikuwa nusu ya mtungi mdogo wa gesi. Nikauliza kosa ni nini ikiwa zinafanana. Akajibu, "Si halisi. Hii ni flai ya kitamaduni."

Tuelewane. Kadi ilisema kwale, na mteja aliyelipia kwale apewe kwale. Kubadilisha kimya kimya lilikuwa kosa langu na nililibeba. Kuhusu zile 560 sina kesi. Kesi yangu ni dhidi ya hilo neno, halisi, na dhidi ya wanaolitumia bila kujua flai hizi zilitoka wapi.

Kwa hasira niliamua kusoma. Vitabu vya zamani havina haki ya nakala tena, unavipata kwenye simu bila kulipa chochote isipokuwa bando. W. C. Stewart, Mskoti, alichapisha The Practical Angler mwaka 1857, na humo kuna buibui zake tatu, ndivyo alivyoziita flai hizi. T. E. Pritt wa Yorkshire alitoa chake mwaka 1885, kikiwa na picha za flai za kwao moja baada ya nyingine. Ukimsoma Pritt utadhani unasoma orodha ya ndege wa kata moja: kwale, kwezi, kuku wa maji, kitwitwi, ndege wa vichakani na wa mabondeni. Hakuna aliyeagizwa kwa meli kutoka India. Watu wale walitazama nje ya mlango, wakaona ndege aliyekuwepo, wakamla, wakafungia flai kwa kilichobaki. Kwale kwao alikuwa mboga. Unyoya ulikuwa takataka za jikoni.

Kwa hiyo niambie, kati yangu na yule anayenunua ngozi ya kwale iliyosafirishwa kutoka bara lingine, ni nani anayefuata utamaduni wa Pritt?

Na hata wao wenyewe walibadilisha. Moja ya zile buibui tatu za Stewart ilitaka unyoya wa ndege wa mashamba ya nyasi, landrail. Nyingine ilitaka wa dotterel, ndege wa milimani. Ndege hao wakapungua, wakawa adimu, na leo wanalindwa. Je, flai zile zilikufa? Wapi! Watu walitafuta unyoya mwingine wenye rangi na ulaini ule ule wakaendelea kuvua, na jina wakaliacha palepale. Stewart mwenyewe alikuwa ametoa ruhusa: kwa ile ya dotterel alisema unaweza kutumia unyoya wa ndani ya bawa la kwezi. Mskoti anaruhusiwa kubadilisha na inaitwa hekima. Mimi nikibadilisha, si halisi.

Ugonjwa huu wa uhalisia ukiuacha ukue unafika pabaya. Mwaka 2009 kijana Mmarekani, mwanafunzi wa muziki London, aliingia usiku kwenye jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege, nyingine zikiwa zimekusanywa na Alfred Russel Wallace katika karne ya kumi na tisa. Kwa nini? Kwa sababu kuna watu wanaofunga zile flai kubwa za salmoni za enzi ya Malkia Victoria na wanataka manyoya yale yale yaliyoandikwa kitabuni, si yanayofanana nayo. Nyingi hata haziingii majini, huwekwa kwenye fremu. Najua hizo si flai zetu hizi ndogo. Lakini sauti ya yule msimamizi niliisikia ndani ya habari hiyo.

Kuna mtu atasema, haya, si huko kwenu kuna kwale pia? Tumia huyo. Kweli wapo, ngware wanalia asubuhi kwenye mashamba ya kahawa upande wa Mang'u, na kanga wa porini ana unyoya ambao ungemfanya Pritt alie. Lakini hao ni wanyamapori. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu hata unyoya. Ukikutwa na gunia la manyoya ya kanga bila kibali, usinitaje. Mimi pia sitaki. Ngware wa Mang'u aachwe alie. Hata kware wa kufugwa wanahitaji kibali, jambo ambalo wengi waligundua kwa kuchelewa wakati ule wa 2013 na 2014 ambapo nusu ya Kiambu ilikuwa ikifuga kware na yai moja likiuzwa kama dawa ya kila kitu. Bei ilipoanguka, jirani yetu alichinja wote, na tata akapata mfuko wa manyoya madogo ya kahawia yenye mistari, laini kama pamba. Ndiyo faida pekee niliyowahi kuisikia kutoka kwenye biashara hiyo.

Kwa hiyo tunarudi kwa kuku. Si kuku yeyote, na hapa naomba mtu wa kamera aketi chini, chai ipo.

Kwanza, tetea, si jogoo. Jogoo ana unyoya mrefu, mwembamba, unaong'aa, na nyuzi zake ni ngumu. Kuna wafugaji Marekani wanaozalisha majogoo kwa ajili ya manyoya tu, kwa flai zinazoelea juu ya maji, na pale ugumu ndio unaotakiwa. Sisi tunataka zinazozama. Tetea aliyetaga msimu mmoja au miwili ni bora kuliko kifaranga aliyekua haraka, kwa sababu unyoya wake umekomaa na rangi imetulia. Broila mweupe usimlete hapa. Unyoya wake una mti mnene na nyuzi chache, na ukiutia rangi unafanana na uniform ya shule iliyofuliwa na soksi nyekundu.

Pili, madoa. Unataka tetea wa kahawia aliyechanganyika na kijivu, kila unyoya ukiwa na mistari midogo kama uso wa mtu mwenye madoadoa ya jua. Madoa hayo majini huonekana kama viungo vya miguu ya mdudu. Kuku wa namna hiyo ndiye wanawake sokoni Makongeni humuuza wa mwisho, kwa sababu wateja wengi hupenda mwekundu. Wana imani kwamba mwekundu ana supu. Sibishani nao, bei inanifaa.

Tatu, mahali penyewe. Manyoya ninayoyataka yako kati ya shingo na bega, na machache mgongoni. Ya kifuani ni mapana mno, na ya karibu na kichwa yanafaa ndoana ndogo sana tu. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ni kuku mtamu lakini kwangu ni hasara. Ukiushika unyoya kwenye ncha na kuzirudisha nyuzi nyuma kwa vidole, zinatakiwa zisimame upande kwa utulivu, kisha ukipuliza zilale. Urefu wa uzi mmoja ufike mwisho wa mkunjo wa ndoana au upite kidogo. Halafu mtihani wa tata: uloweshe kwa ulimi, uangalie. Ukishikamana kama nywele zilizopakwa mafuta, weka. Ukibaki umesimama wima, tupa. Tata amelowesha manyoya ya kuku kwa ulimi miaka ishirini na hajawahi kuugua. Mimi hutumia maji, na ndiyo maana hunidharau.

Shida kubwa ni maji ya moto. Kuku wa sokoni hutumbukizwa kwenye sufuria inayochemka ndipo anyonyolewe, na mvuke huo huharibu mpangilio wa zile nyuzi. Huchangamana, na hazirudi vizuri hata ukizichana. Kwa hiyo nimelazimika kupatana na mama mmoja wa kuku anitolee manyoya ya shingo makavu kabla ya kumtumbukiza. Mara ya kwanza aliniangalia kama mtu aliyetumwa na mganga. "Kijana, unataka manyoya ya nini?" Nilipomweleza alicheka hadi akashika meza, kisha akasema shilingi thelathini juu. Nyumbani nayaosha kwa sabuni ya vyombo, nayakausha juu ya gazeti, halafu nayafunga kwenye mfuko na kuyaweka kwenye friza ya jirani siku kadhaa ili utitiri ufe. Jirani anaamini ni viungo vya pilau. Nitamwambia siku moja.

Na si manyoya tu. Ule uzi wa hariri wa chungwa, wengine wanaona fahari ukitoka Uingereza. Thika hii hii ina kituo cha kitaifa cha utafiti wa nondo wa hariri, chini ya KALRO. Hariri inajulikana hapa mjini, wanaofuga wale viwavi na kuwalisha majani ya mforosadi wapo. Nta ya kupaka uzi iko kwa kila muuza asali. Sungura, nani Kiambu hajafuga sungura? Uso wa sungura, zile nywele fupi za kati ya macho na masikio, ndizo zinazofaa kwa ukungu wa mwilini. Ukiweka yote mezani utakuta kitu pekee lazima kitoke nje ni ndoana.

Hoja ya maana niliyoisikia dhidi yangu ni moja, na niliisikia kwa tata mwenyewe. Mteja anataka dazani ya leo ifanane na ya mwaka jana. Kuku wa kienyeji hafanani na ndugu yake, seuze na kuku wa mwaka jana. Ni kweli, na ni kazi. Tetea mmoja hunipa manyoya mazuri ya dazani chache tu za saizi moja, na lazima niyapange kwa bahasha kwa ukubwa na rangi kabla sijafunga hata moja. Lakini kwale naye ni ndege, si kiwanda. Zile pakiti zilizokuja zilikuwa na ya kijivu na ya kahawia yamechanganywa, makubwa kwa madogo, na hakuna aliyeyarudisha kwa kuwa si halisi. Kufanana hakutoki kwenye jina la ndege. Kunatoka kwa mtu aliyekaa akachagua. Ndio ujuzi ambao pakiti na kadi humnyang'anya fundi, kisha mtu wa kamera anakuja kumhurumia kwa kutojua.

Wale wa upande wa pili nao wasinishangilie mapema. Nimeshaona flai za rangi za bendera, zenye shanga, zikiuzwa kwa watalii kama "za Kiafrika". Samaki hasomi bendera. Nikisema kuku wa Ngoingwa sisemi hivyo kwa uzalendo, nasema kwa sababu nimemweka kwenye glasi ya maji na anacheza.

Mzee mmoja anayewasindikiza wavuvi kule Kimakia alichukua sita kati ya zile zilizokataliwa. Alirudi na mbili. Nilipomuuliza zile nne ziko wapi, alisema tatu ziko kwenye vichaka kwa sababu mgeni wake hajui kurusha, na moja iliondoka na samaki. Ushahidi wa mahakamani huo hapana, najua. Lakini alitaka dazani mbili zaidi, na alilipa kabla, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye kazi zangu zote mbili.

Hizo nimezifunga wiki hii. Kwenye mfuko sikuandika Partridge and Orange, maana huo sasa ungekuwa uongo. Nimeandika Kuku na Chungwa, na chini yake jina la tata, kwa sababu manyoya ameyachagua yeye, mangu aliyatupa. Zimebaki bahasha mbili tu za saizi ya 16, kwa hiyo Jumamosi nashuka tena Makongeni. Nimeshampigia mama wa kuku simu anitafutie tetea wawili wa madoa. Ameniambia bei imepanda, ni hamsini sasa, kwa sababu kuna mtu mwingine wa huko Ngoingwa ameanza kuuliza shingo kavu.